Flashi Isiyouliza

Pale hospitalini kila mtu alimwita Fundi, kuanzia daktari mkuu hadi wagonjwa waliomwona akipita na waya begani. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na kompyuta zote za jengo lile zilikuwa mikononi mwake. Zikigoma anaitwa. Zisipogoma, hakuna anayemkumbuka.

Mwaka ule hospitali ilipewa msaada wa kompyuta zilizokwisha kutumika. Kila moja ilikuja na mambo yake: nyingine imejaa michezo, nyingine ina picha za watoto wa watu wasiojulikana. Meneja, bwana mmoja ambaye hata akiwa amekaa alionekana anachelewa mahali, alitaka zote zifanane na zianze kazi kabla wakaguzi hawajafika.

"Unakaa na mashine moja nusu siku," alimlalamikia. "Inakuuliza lugha, unajibu. Inakuuliza saa, unajibu. Inakuuliza jina. Hii ni kompyuta au kituo cha polisi?"

Fundi alicheka, akaahidi kutengeneza flashi ambayo ingejijibu yenyewe.

Ilimchukua muda. Aliandika skripti, yaani majibu ya maswali yote yaliyopangwa mstari kwa mstari: lugha ni hii, saa ni za hapa, paswedi ni hii, programu za hospitali ni hizi. Akayafunga pamoja na mfumo mzima ndani ya flashi ndogo nyeusi. Unaichomeka, unawasha mashine, unakwenda zako kunywa chai. Baada ya muda mfupi flashi ilikuwa imekwisha kumimina kila kitu ndani, na maneno ya adabu yalitokea kwenye skrini: Unaweza kuchomoa. Ukirudi, mashine imejifuta na kujisimika upya, imetulia kama mtoto aliyeogeshwa.

Swali moja tu alikuwa ameliacha. Kabla ya kufuta chochote, skrini iligeuka nyekundu na kutaka mtu aandike NDIYO.

Meneja alitazama jaribio la kwanza kwa furaha mpaka lilipofika hapo. "Na hili la nini?"

"Tuliache, bosi. Ikichomekwa pasipotakiwa, angalau itauliza."

"Nani ataichomeka pasipotakiwa? Flashi ni zako, droo ni yako. Nisimame mbele ya kila mashine naandika ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi? Toa."

Akalitoa. Ulikuwa mstari mmoja. Baada ya kuufuta alibaki ameshika kipanya, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa chumba cha pili na anajua yuko peke yake nyumbani. Kisha akaendelea na kazi. Kila mashine aliiagiza, ikiwashwa, itazame flashi kwanza kabla ya kutazama diski yake, ili mambo yaende haraka. Alikusudia kuzirudisha zilivyokuwa. Likaja hili, likaja lile, hakuzirudisha.

Wakaguzi walifika, wakasifu, wakaondoka. Maabara, duka la dawa na kliniki zote ziliambiwa ziachane na makaratasi. Flashi nyeusi, ambazo sasa zilikuwa tatu, zikabaki kwenye droo ya Fundi.

Miezi ilipita. Siku moja wifi yake, mdogo wa mumewe, alilazwa wodi ya upasuaji. Alikuwa na uvimbe tumboni, na alikuwa amepoteza damu nyingi hata viganja vikawa vyeupe. Ilibidi aongezewe damu kwanza ndipo apasuliwe. Wawili hao walikuwa hawakutani bila kurushiana maneno.

"Wifi, nikifa usithubutu kugusa viatu vyangu."

"Viatu vyako vile? Hivyo si viatu, ni mitumbwi. Nitavipeleka wapi?"

"Muone! Mgonjwa hapewi hata heshima siku hizi."

Walicheka mpaka muuguzi akawatazama. Lakini Fundi alipomshika mkono aliukuta wa baridi, na wifi yake hakuuachia upesi kama kawaida.

Asubuhi iliyofuata, Fundi alikuwa ndiyo kwanza anaweka mkoba mezani simu ilipolia. Ilikuwa kliniki ya watoto.

"Fundi, mashine yetu leo haitujui."

"Haiwajui vipi?"

"Tupu kabisa. Hakuna faili hata moja. Inatukaribisha kama wageni."

Alikwenda. Skrini ilikuwa na bluu ile aliyoichagua mwenyewe, na jina la hospitali juu, na chini maneno aliyoyaandika kwa mkono wake: Karibu. Tayari kwa kazi. Aliyatambua kama fundi cherehani anavyotambua mshono wake mwilini mwa mtu barabarani. Hakumwambia mtu kitu. Alirudi ofisini, akavuta droo. Flashi zilikuwa mbili. Akaichomoa droo nzima, akaimwaga sakafuni, akapekua kwa magoti. Mbili.

Alipaswa kupiga simu kila idara papo hapo, na alilijua hilo. Badala yake alikaa. Alijiambia labda ni hitilafu ya umeme. Alijiambia asikurupuke, asije akajiaibisha bure. Alikuwa bado anajiambia hivyo simu ilipolia tena, chumba cha chanjo, habari ile ile. Na kabla hajaweka chini, kijana wa duka la dawa alikuwa amesimama mlangoni.

"Fundi, na yetu. Watu wanasema ni virusi, vinatembea kwenye waya."

"Havitembei kwenye waya," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Vinatembea kwa miguu. Nani amepita kwenu asubuhi hii?"

"Hajapita mtu. Mama Takwimu tu, kuchukua ripoti za mwezi."

Mama Takwimu alikuwa karani wa miaka mingi, karibu astaafu. Kila mwisho wa mwezi alizunguka idara zote akikusanya ripoti kwa flashi, kwa kuwa mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Alianza mapema, wenye vyumba hawajafika, akiziwasha mashine mwenyewe. Na Fundi akakumbuka alichokiona mara nyingi bila kukitilia maanani: yule mama huchomeka flashi kwanza, asije akasahau, ndipo huwasha.

Watoto, chanjo, dawa. Ilikuwa korido moja, mlango baada ya mlango. Mlango uliofuata ulikuwa maabara.

Alipiga simu ya maabara. Ililia, ililia, haikupokelewa. Alitoka mbio, akapita mlango wa wodi ya wifi yake bila kugeuza shingo.

Mama Takwimu alikuwa amekaa mbele ya mashine ya maabara, mkoba mapajani, miwani imemshukia puani. Kwenye skrini mstari wa bluu ulikuwa unatambaa kuelekea kulia.

"Mama, chomoa! Chomoa hiyo flashi!"

"Nimeshachomoa. Yenyewe imesema nichomoe, kama kila chumba leo, nikajua ripoti imeshaingia." Akamwonyesha, iko katikati ya vidole viwili. "Na shikamoo leo hakuna, mwanangu?"

Fundi aliinama, akang'oa waya wa umeme ukutani. Skrini ikazimika.

"Yangu iliharibika," Mama Takwimu aliendelea, sasa kwa wasiwasi. "Nilikuja ofisini kwako jana, sikukukuta. Nikaazima moja kwenye droo. Nimefanya kosa gani?"

Mtaalamu wa maabara alitokea chumba cha nyuma na glavu mikononi. "Dada, unafanya nini? Kuna kazi humo!"

"Kuna nini humo, kaka?"

"Kila kitu. Majibu ya jana, damu za leo, nani anapatana na chupa ipi."

"Mmeandika na pengine?"

"Si mlisema tuache makaratasi?"

Fundi alirudisha waya, akawasha. Ilitokea skrini nyeusi na kistari kidogo kikipepesa pembeni. Alijua hakuna cha kurudisha. Nyuma yao friji ya damu iliendelea kunguruma taratibu. Ndani yake chupa zilikuwa zimejipanga, kila moja na namba yake, na majina ya watu wa kuzipokea yalikuwa yameondoka duniani dakika chache zilizopita.

"Kuna chupa yoyote iliyotoka asubuhi hii?" aliuliza.

Yule mtaalamu alivua glavu moja, polepole. "Muuguzi alikuja mashine ikiwa bado inahangaika. Alisema mgonjwa amelegea, hawezi kungoja. Nilimpa kwa kukumbuka. Nakumbuka vizuri tu."

"Mgonjwa gani?"

"Wa upasuaji. Yule dada wa uvimbe."

Fundi hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika wodini. Alichokumbuka ni mlango uliogonga ukuta, na muuguzi akigeuka, na chupa ikining'inia kwenye chuma chake, na mrija mwekundu ukishuka hadi kwenye mkono wa wifi yake.

"Wifi," mgonjwa alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Wamefungua dirisha? Nasikia baridi. Na mgongo huu, mgongo unakatika."

Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Funga huo mrija!" Fundi alipiga kelele. "Dada, funga, si yake!"

Muuguzi alikuwa mwepesi. Alifunga kwanza, ndipo akauliza. Kisha chumba kikajaa watu, na Fundi akasukumwa nje, akasimama koridoni ameegemea ukuta. Mama Takwimu alikuja akasimama kando yake. Alikuwa bado ameishika ile flashi, hajui aiweke wapi.

Wifi yake hakufa. Kiasi kilichoingia cha damu isiyo yake kilikuwa kidogo. Kingeingia chote, daktari alisema, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Lakini figo ziligoma, ikabidi apelekwe hospitali kubwa akaunganishwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na upasuaji ukaahirishwa mpaka haijulikani lini. Fundi alipokwenda kumtazama alimkuta amevimba uso. Alitafuta utani wowote wa kuanzia, akakosa. Wifi yake alimtazama, akasema tu, "Kaka ameniambia." Kisha akageukia ukutani.

Meneja alimwita ofisini, akafunga mlango. "Tutasema ni virusi. Virusi havina mama. Wewe unabaki na kazi yako, mimi yangu."

"Watu wanasema ni Mama Takwimu. Wanasema aliokota flashi barabarani. Jana chakula cha mchana hakuna aliyekaa naye."

"Anastaafu karibuni. Watasahau."

Kwenye kikao cha wafanyakazi wote, kabla Meneja hajamaliza sentensi yake ya pili kuhusu virusi, Fundi alisimama. Alieleza flashi ni kitu gani, nani aliiandika, swali lipi liliondolewa na kwa agizo la nani, na jinsi alivyokaa kitini asubuhi ile badala ya kupiga simu. Aliongea kwa sauti ndogo. Mama Takwimu alikuwa safu ya nyuma. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena.

Fundi alitegemea Meneja atamfuata kwa matusi. Alimfuata kweli, mpaka ofisini, lakini hakutukana. Alikaa kwenye kiti cha wageni na uso umempauka.

"Kuna jambo," alisema. "Kwenye mkutano wa mameneja, mwaka jana, niliwaonyesha ile flashi yako. Waliipenda sana. Niliwapa nakala, na maelekezo yako ya kuzipanga mashine zao."

"Uliwapa nani?"

"Zahanati zote za chini yetu. Na hospitali mbili tatu za jirani. Na wao, nadhani, walinakiliana."

"Ile yenye swali, au isiyo na swali?"

Meneja alitazama mikono yake.

Fundi alivuta simu karibu. Zahanati ya kwanza walipokea upesi, wakamshukuru kwa kifaa kizuri. Kiko kabatini, hawajakigusa tangu wamalize. Aliwaambia wakivunje kwa nyundo. Ya pili alipokea mama mmoja mchangamfu, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

"Ile nyeusi ndogo? Ipo, dada. Tunaipenda, haijai upesi. Ndiyo tunayobebea ripoti."

"Iko wapi sasa hivi?"

"Mwenzangu ametoka nayo. Amepanda pikipiki, anaipeleka hospitali ya wilaya."

Fundi alikata, akapiga hospitali ya wilaya. Simu ikaanza kulia upande wa pili. Meneja alikuwa ameinuka, amesimama nyuma ya kiti chake, na wote wawili walisikiliza ikilia, na kuendelea kulia.