Kijiko cha Mama Mapezi

Dari ya chumba cha matangi ilikuwa haitulii. Jua likiingia dirishani lilipiga maji, maji yakalirusha juu, na dari nzima ikawa inatembea polepole kama mto uliogeuzwa kichwa chini. Mwanamke aliyelea samaki humo, ambaye watu walimzoea kwa jina la Mama Mapezi, hakuchoka kuitazama. Alisema huo ni mto unakuja kuwaulizia watoto wake.

Watoto wenyewe walikuwa mkiamoto, samaki wadogo wenye mkia mwekundu. Zamani walijaa mtoni toka mlimani mpaka ziwani. Sasa walibaki hawa wa matangini tu. Na hawa walimzoea mno. Asubuhi akigonga ukingo wa tangi kwa kijiko, tin tin tin, wanakuja mbio midomo juu, naye anawaambia, "Taratibu jamani, mnakula au mnagombana?"

Siku ya kupanga namna ya kuwarudisha mtoni, watu walikutana chumba cha pili. Ramani ilitandikwa mezani, mto na vijito vyake vyote vimetawanyika kama mishipa ya mkono. Kila mtu alitoa chake. Mwenye kinu cha maji akakubali kubomoa pembe ya ukuta wake unaozuia maji, samaki wapate kupanda. Wavuvi wakakubali kuliacha bwawa la kati lipumzike, ingawa mmoja wao alinuna mpaka chai ikampoa mkononi. Wakulima nao wakasema haya, matete ya ukingoni hatutayafyeka tena.

"Na mimi nitoe nini?" Mama Mapezi akauliza kwa mzaha. "Kinu sina, wavu sina."

Daktari wa samaki, binti mpole aliyeongoza mkutano, hakucheka. "Mama, twende kwenye matangi mara moja."

Wakaenda. Daktari akachukua kijiko, akagonga. Samaki wakaja. Akaingiza mkono mtupu majini, wakauzunguka, wakamdonoa vidole. Akamshika mmoja hivi hivi, kama mtu anayeokota kifungo sakafuni.

"Umeona, mama? Huko mtoni kuna kenge, kuna ndege mdiria, kuna watu. Hawa watamkimbilia kila anayekuja, wakidhani ni wewe."

Mama Mapezi akamchukua yule samaki, akamrudisha majini. "Kumbe nimewalea vibaya."

"Umewalea vizuri kupita kiasi. Sasa inabidi wakuogope. Mvua zikianza tunawapeleka. Wasipojua kukimbia hatuwapeleki, na sijui kama mwenye kinu na wavuvi watakubali kutungoja tena."

Jioni Mama Mapezi alimsimulia mumewe, fundi viti. Mzee akaweka randa chini.

"Sasa taabu iko wapi? Wape ile sura unayonipa mimi nikichelewa."

Mkewe akacheka kidogo, kisha akalia kidogo. Alipolala aliota mto unapita sebuleni kwake, kimya kimya, bila kulowesha mkeka. Mkiamoto walipenya katikati ya miguu ya viti vya mumewe, naye amejibana ukutani, hasogezi hata kidole, wasije wakamjua.

Asubuhi akaanza. Chakula sasa kilipita kwenye bomba la mpira nyuma ya pazia, wasimwone anayewalisha. Halafu anatokea yeye, anagonga kijiko, na wakija tu anayachapa maji kwa ufagio, paa! Anawafukuza kwa kiwavu kona hadi kona. Siku za mwanzo walikimbia, kisha wakarudi. Hapo ndipo alipoumia. Walirudi wakasimama mbele yake, mapezi yakitikisika, kama wanaouliza, ni wewe kweli?

"Ni mimi," akawaambia. "Kimbieni basi, wajinga wangu." Akachapa tena.

Ikaendelea hivyo mpaka asubuhi moja aligonga, na tangi likawa kama tupu. Wote walikuwa wamejificha chini ya mawe, hata mkia hauonekani. Mama Mapezi akasimama na kijiko chake, dari ikimtembea juu ya kichwa, hajui acheke au alie.

Mvua zilipoanza waliwapeleka penye pengo la ukuta wa kinu. Ndoo zikainamishwa taratibu. Mikia ikawaka majini, ikazimika. Watu wakaondoka. Yeye akabaki nyuma, akatoa kijiko mfukoni, akagonga jiwe. Tin tin tin. Akangoja, nusu ya moyo ikiomba wasije, nusu ikiomba aje japo mmoja. Maji yakapita. Matete yakainama, yakainuka. Hakuna aliyekuja.

"Asanteni," akasema, na sauti yake ikaenda na maji.

Nyumbani alimkuta mumewe ameketi na kikombe kitupu. Mzee alipomwona tu mlangoni akakigonga kwa kijiko, tin tin. Mama Mapezi akageuka, akatimua mbio mpaka uani, akaketi chini kwa kicheko.

"We mke, vipi tena?"

"Nami nimefuzu!" akajibu toka huko huko, akifuta macho. "Chai jimiminie mwenyewe."