Ushuhuda Ulio Karibu Zaidi

Charline Munezero alijenga hifadhidata ya kuwatafuta watoto waliopotea vitani, na kwa miezi mitano hakuna aliyemwomba kitu kingine. Wakimbizi wa kambi za Mugunga walisimulia, yeye na wenzake wakaandika, kisha kila ushuhuda ukageuzwa kuwa safu ndefu ya namba, vekta, yenye kubeba maana ya yale maneno. Ndani ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, alikuwa na kitendakazi kimoja cha kupima umbali kati ya vekta mbili. Mama mmoja alisema mtoto wake ana kovu la moto nyuma ya sikio. Mlezi mmoja wa mtaa wa Mabanga akasema binti aliyemwokota aliwahi kuungua karibu na shingo. Maneno hayakufanana, ila umbali ulitoka mdogo, yaani maana zilikaribiana, na Charline akapiga simu. Watoto kumi na mmoja walirudi kwa mama zao namna hiyo.

Basi asubuhi moja Chef Birindwa, mkuu wa shirika lao, akavuta kiti na kukaa pembeni yake, mkononi sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga.

"Bailleur, mwenye kutupatia feza, anataka vidéo ya dakika tatu," alisema akitafuna. "Nasikia mashini yako inajua kutafuta maana. Mimi nitakupatia sentensi, yenyewe itutafutie mutu mwenye kufanana nayo."

Alikuwa nayo kwenye karatasi: mama aliyepoteza vyote lakini bado anatabasamu. Charline aliisoma mara mbili, akaigeuza kuwa vekta, akaagiza shuhuda zipangwe kuanzia iliyo karibu zaidi. Chef akasoma tatu za juu huku kidole chake chenye mafuta kikiteleza juu ya kioo na kuacha michirizi.

"Hizi ni kavu. Ongeza mutoto kwenye sentensi."

Charline akaongeza. Chef akasoma tena, akang'ata kichwa cha sambaza, akakitema pembeni ya sahani. "Mutoto wa kike. Na njia, weka njia, walikuwa wanakimbia." Kila alipoongeza neno, majina yalipanda na kushuka kwenye orodha. Hawa walikuwa watu aliokaa nao chini kwenye mawe ya volkano, wengine wakilia. Sasa walikuwa wanachaguliwa kama nyanya sokoni.

"Mbona ni wachache?" aliuliza Chef.

"Ni wale tu waliokubali maneno yao yatumike, Chef. Waliokataa nimewatoa kwa sharti hili hapa."

"Ondoa hiyo sharti. Ni kuangalia tu."

Alipaswa kukataa wakati ule. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi. Lakini Chef alikuwa ameegemea bega lake, pumzi yake inanuka samaki, na Charline alichotaka ni Chef aondoke haraka. Akafuta mstari mmoja. Jina la kwanza likawa Nyiransengimana, umbali sifuri nukta moja nane.

"Huyu," alisema Chef, akafuta midomo. "Kesho tunaenda."

Nyiransengimana alikuwa ametoka Masisi, na binti yake Alliance, wa miaka saba, alimponyoka mkononi kwenye njia ya Sake siku watu walipokimbia. Charline mwenyewe ndiye aliyeandika ushuhuda ule. Kwenye sehemu ya ridhaa aliandika jibu kama lilivyotoka: "Haya maneno ni ya kumutafuta mutoto wangu. Hayiko ya kutembeza kwa watu."

Kesho yake gari la shirika liliingia kambini, Charline akiwa kiti cha nyuma na mpiga picha, Chef mbele. Aliambiwa aje kwa sababu yule mama anamfahamu. Nyiransengimana alikuwa anafua. Aliliona gari, akamwona Charline akishuka, akaliacha beseni na kukimbia, mapovu yakimdondoka mikononi.

"Mulimupata?"

Charline alifungua kinywa amjibu. Nyuma yake akamsikia Chef akimnong'oneza mpiga picha: "Chukua hiyo, chukua uso, usiache."

Charline alisogea, akasimama mbele ya kamera, mgongo wake ukiwa umeziba kila kitu, akamshika Nyiransengimana mikono yenye sabuni.

"Bado, mama. Hatujamupata."

"Sasa munakuya kufanya nini?"

"Wanataka kukupiga picha ukisimulia."

Nyiransengimana aliwatazama wale wanaume wawili. Akachomoa mikono yake, akarudi kwenye beseni.

Ofisini Charline alinawa kwanza ile sabuni mikononi. Kisha akakaa kwenye mashini. Vekta za wote waliokataa, mia mbili na kumi na saba, alizihamishia kwenye jedwali lao peke yao, akaiondolea konti ya Chef haki ya kulisoma. Utafutaji wa watoto aliuacha uendelee.

Siku ya tatu akaletewa demande d'explication, barua ya kumtaka ajieleze, yenye muhuri. Aeleze kwa nini ameficha mali ya shirika. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba wenye maneno walisema hapana. Wakamsimamisha kazi siku kumi na tano. Vidéo ilipatikana kwa mama mwingine, aliyekubali, Charline hakuiangalia.

Katika siku zile alirudi Mugunga kwa miguu yake. Alimweleza Nyiransengimana yote, hata ule mstari alioufuta yeye mwenyewe, akamwambia pole.

"Kwa hiyo ni weye uliwaonyesha," alisema mama.

"Ni mimi."

Nyiransengimana alikunja nguo iliyokauka, akaiweka juu ya nyingine.

"Umutafute mutoto. Lakini usiniambie tena pole."

Charline aliporudi kazini alianza na Alliance. Aliilinganisha vekta ya mama yake na taarifa zote mpya za watoto waliookotwa. Iliyo karibu zaidi ilikuwa sifuri nukta nne moja, mbali mno. Mtoto yule alikuwa wa kiume. Akaifunga, akafungua taarifa iliyofuata.