Wala Si Haraka

Barua yangu ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, juu ya simu ya ofisini. Niliiona nilipokuwa nikizungusha namba za hospitali, na ng'ambo ya ukuta wifi yangu alikuwa ameacha kupiga mayowe. Kule kuacha ndiko kulikonitisha. Simu ikaita, ikaita, nami nikawa nasoma mwandiko wangu mwenyewe, herufi zote zimelala upande mmoja kama mashuka kwenye kamba siku ya upepo: "Mpendwa Msimamizi wetu, ni matumaini yetu kwamba hujambo, pamoja na wote wa nyumbani kwako." Mtu akapokea. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza: "Habari za asubuhi? Poleni na kazi. Nyote hapo hamjambo?"

Ni Radi aliyeninyang'anya simu. "Mkono wa mtu umo ndani ya mashine!" akapaza sauti. "Leteni gari sasa hivi!"

Gari likaja.

Ni miaka thelathini na kitu sasa. Nimemzika mume wangu, nimelea wajukuu, macho yamepungua. Lakini mpaka leo nikishika simu, salamu hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja katika kiwanda kidogo cha kufulia. Mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni yalikuja kwetu machafu kwa mlango wa nyuma na kutoka meupe kwa mlango wa mbele. Mimi nilikuwa mkunjaji. Radi alikuwa kwenye mapipa ya kufulia. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alikuwa kwenye mashine kubwa ya kupiga pasi, na kazi ile nilimtafutia mimi. Alisimama mbele ya rola mbili za moto akizilisha shuka bichi, nalo likatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Walimweka pale kwa sababu ya vidole vyake. Sijaona vidole vyepesi kama vile.

Mimi nilivijua kuliko wote, maana kila Jumamosi alasiri alinisuka. Nilikaa chini, yeye juu ya kigoda, magoti yake yamenibana mabega nisikimbie.

"Tulia wewe! Hivi kaka yangu alioa kichwa au alioa shamba la magugu?"

"Alioa shamba, wifi, akakuleta wewe kuwa kibarua."

Tulicheka hivyo mpaka jua lishuke. Na alipovuta nywele kupita kiasi, sikusema naumia. Nilisema, "Wifi, leo mikono yako ina nguvu, hongera." Akalegeza papo hapo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Jirani akikwambia mbuzi wako anapenda sana kutembea bustanini kwake, unakwenda kumfunga kabla hajamaliza kuaga. Lalamiko kwetu huvalishwa nguo nzuri kwanza, ndipo linatoka nje. Na anayelipokea anajua kulivua.

Msimamizi wetu alitoka nchi ya mbali. Lugha yetu aliisoma vitabuni, akaijua vizuri, ila aliijua kama mtu anavyojua nyumba aliyoiona kupitia dirishani. Kila asubuhi alipita akiuliza, "Kuna tatizo? Ndiyo au hapana?" Tukampa jina hilo, Ndiyo-au-Hapana. Sasa nani angemtazama mtu mzima usoni, asubuhi, hajakaa hata kitini, amwambie ndiyo, kuna tatizo? Tulimjibu kwa pamoja kama watoto wa shule, "Hapana, tunashukuru!" Naye alikwenda zake ameridhika.

Msimdhanie vibaya. Alikuwa mwema. Alituletea viti, sisi tuliokuwa tukikunja mashuka tumesimama kutwa nzima. Mmoja wetu alipozimia kwa joto, alimbeba mwenyewe hadi garini kwake, akakaa naye hospitali mpaka jioni. Kwa hiyo najua, na kujua huku ndiko kunakonila: angeelewa, angeitengeneza ile mashine siku ileile.

Mbele ya rola kulikuwa na ubao mwembamba. Kidole kikiugusa, mashine husimama yenyewe. Basi ule ubao ulianza kuchelewa. Mwanzoni uliugusa, ukahesabu moja, mbili, ndipo rola zikasimama. Baadaye siku moja zinasimama, siku nyingine hazina habari. Wifi alirudi nyumbani na ncha za vidole zimebabuka. Nilimpaka mafuta, akanitania kwamba nampikia vidole.

"Mwambieni," alisema Radi.

Radi naye alikuwa mgeni, wa nchi nyingine kabisa, na jina tulimpa kwa sauti yake. Wiki moja nyuma alikuwa amesimama mbele ya Ndiyo-au-Hapana, mikono kiunoni. "Viatu vyangu vinaingia maji. Nataka vingine. Leo." Sisi tuliinamisha vichwa kwa aibu kana kwamba amevua nguo. Lakini msimamizi alimwambia asante kwa kumweleza, na mchana viatu vikaja.

"Mwambieni kama nilivyomwambia mimi," Radi akarudia.

"Sisi hatuna ulimi huo," alisema Mama Mkubwa, mwenzetu aliyetuzidi wote umri. "Mtu katuletea viti, leo tumpigie kelele?"

"Nyinyi nyumba ikiungua mtauamkia moto kwanza. Basi niacheni nimwambie mimi."

Tukakataa. Atusemee mgeni, tumekosa midomo? Radi alitutazama mmoja mmoja, akasonya, kisha akamshika wifi yangu mkono na kuvitazama vidole vyake. Ulikuwa wema, nami niliuona kuwa wema, lakini siku ile sikuupa thamani yake.

Tukaamua kuandika barua. Wakanichagua mimi kwa sababu ya mwandiko.

Niliandika barua mbili. Ya kwanza niliiandika mezani kwangu, wifi akiwa ameegemea mlango. Ilikuwa na mistari miwili: "Ubao wa kuzuia umekufa. Mashine itamkata mtu mikono." Nikaisoma kwa sauti. Ilisikika kama tusi. Nikamwangalia wifi.

"Ni kali," nikasema.

"Wewe ndiye mwenye maneno, wifi," alisema. "Andika utakavyoona."

Nikaikunja ile, nikaitia jikoni ikaungua. Nikaandika ya pili, na niliiandika kwa mapenzi, sitasema uongo. Nilimjulia hali yeye na nyumba yake. Nilimshukuru kwa viti. Nilimshukuru kwa yule aliyezimia. Nilisema hatujapata msimamizi kama yeye. Halafu chini kabisa, mahali ambapo mtu yeyote wa kwetu angeanzia kusoma, niliandika: "Ile mashine kubwa nayo inaendelea kutusaidia, ingawa imezeeka kidogo kama sisi wenyewe, na ubao wake siku hizi unapenda kupumzika. Ukipata nafasi, uutupie jicho. Wala si haraka."

Tulipomaliza kuipitia, Mama Mkubwa alishika kifua. "Hiyo imefika," alisema. "Ni kali, lakini ina adabu."

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama katikati yetu, midomo ikitembea pamoja na maneno. Alisoma polepole. Alipofika kwenye viti, macho yakamjaa maji. Alipofika chini alicheka, cheko la mtu aliyetaniwa na watu wanaompenda. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuandikiwa neno zuri. Akatupa mkono sote kumi na mmoja. Siku tatu baadaye barua ilikuwa ukutani.

Hapo tungesema. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mtu ameiweka barua yako kwenye kioo, unamwendeaje kumwambia kwamba hakuielewa? Tulisubiri. Tuliambiana ameshatuma mtu wa kuja kuitengeneza. Wifi aliilisha mashine mashuka kwa siku kumi na mbili zaidi.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumanne.

Sitaisimulia. Nitasema tu kwamba shuka lile lilitoka upande wangu, upande wa mkunjaji.

Jioni msimamizi aliniita ofisini. Alikuwa ameishusha fremu, ameilaza mezani. Mashati yake yalikuwa meupe siku zote, tuliyafua sisi. Siku hiyo shati halikuwa jeupe, maana ni yeye aliyemtoa wifi mikononi mwa rola.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikwambia," nikasema.

Akaweka kidole juu ya kioo, akafuata mistari mpaka ya mwisho. "Hapa?"

"Hapo."

"Umeandika si haraka."

"Ndiyo."

"Umeandika *wala* si haraka."

Tulikaa hivyo, watu wawili wazima, tukiutazama mstari mmoja kama watu waliofiwa wanavyolitazama jeneza. Kisha akafunika uso kwa mikono yake miwili, na mimi nikaitazama ile mikono, nikahesabu vidole vyote.

Kesho yake alikwenda hospitali. Nilikuwa kando ya kitanda, Radi yuko dirishani. Mkono wa kulia wa wifi uliishia kwenye bandeji, mahali ambapo mkono hautakiwi kuishia. Alikuwa hajalala, midomo imepasuka kwa kuing'ata.

"Unaendeleaje?" aliuliza msimamizi.

"Sijambo," akasema wifi yangu. "Nashukuru. Pole kwa safari."

"Unahitaji kitu chochote?"

"Hapana. Tusikusumbue."

Nikaona mabega ya msimamizi yakishuka, mzigo unamtoka. Aligeuka kwangu kama anayeomba uthibitisho. Radi aliyatoa macho yake dirishani, machozi yanamtiririka. "Mwambie," aliniambia kwa sauti ya chini, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akinong'ona. "Mwambie inauma."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Anaendelea vizuri," nikasema. "Tunashukuru kwa kuja kutuona."

Mume wangu aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunakula. "Ile barua uliandika wewe?" Nikasema ni mimi. Akachukua jagi, akanimiminia maji kwenye glasi, akanisogezea. Hakuligusa tena jambo hilo mpaka anakufa. Wapo watakaosema alinisamehe. Mimi nilikunywa yale maji na hayakuzima kitu.

Mashine ilibadilishwa. Msimamizi aliondoka mwaka haujaisha. Siku ya kuondoka alinipa fremu, imefungwa kwenye gazeti. Hakuweza kuibeba, alisema, na hakuweza kuitupa. Nilimwelewa. Nami nikaiweka nyuma ya kabati, uso wake ukutani.

Radi alipata kazi kwingine. Kabla ya kwenda alikuja nyumbani, akakaa mbele ya wifi na kumfundisha kufunga vifungo vya gauni kwa mkono wa kushoto. Alirudi siku nne mfululizo. Alimgombeza mfululizo pia. "Si hivyo! Tena! Hovyo!" Na wifi, ambaye tangu ajali watu wote walikuwa wakimwambia anaendelea vizuri, alikuwa akisubiri kugombezwa kule tangu asubuhi, amekaa mlangoni.

Nywele zangu nilizinyoa. Nilisema ni joto.

Lakini Jumamosi wifi alikuja. Hajaacha kuja. Jumamosi moja, miaka mingi baadaye, nilikuwa nashona pindo la gauni la mjukuu, sindano ikaniponyoka ikaingia nyuma ya kabati. Wifi akapiga magoti kuitafuta kwa mkono wake. Alikaa kule muda mrefu. Nikasikia gazeti likichanika.

Alisimama na fremu ameiegemeza kifuani kwa mkono uliokatika, akiifuta vumbi kwa wa kushoto. Alisoma. Alianza na mpendwa msimamizi wetu, akapita nyumbani kwake, akapita kwenye viti, kwa yule aliyezimia, akashuka polepole. Alifika chini, macho yake yakakaa pale. Yalikaa sana.

Kisha akaifunga tena kwenye gazeti lake, vizuri, akakunja pembe kama nilivyowahi kumwonyesha kukunja shuka, akairudisha nyuma ya kabati. Akaketi kwenye kigoda.

"Una mwandiko mzuri, wifi," alisema. "Hongera."

Yule msimamizi alikuwa mgeni, asingeweza kumsikia. Mimi nimezaliwa hapa hapa. Nilimsikia.

"Asante, wifi," nikamwambia, nikainuka kuteleka chai.