Sabuni Tuliyoionja kwa Ulimi

Mume wangu alipofariki alituachia kiwanda kidogo cha sabuni, mapipa manne na wafanyakazi sita. Mwanangu mkubwa hajawahi kuvuka mpaka. Kazi aliijulia humo humo kiwandani, ubavuni pa baba yake. Mdogo, tuliyemwita Profesa, alikaa ng'ambo miaka tisa, akifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Aliporudi, nilifurahi mpaka nikasahau kutia chumvi kwenye mboga.

Mmoja ilibidi ashike usukani. Nikampa mkubwa. Nilijiambia, huyu hakuniacha.

Profesa hakununa. Alitafuta wateja nchi jirani, wakajibu kwamba watakuja wenyewe kutazama. Akamsihi kaka yake, "Tununue kipimo cha ukali wa sabuni. Hawa watataka karatasi ya vipimo."

"Ulimi wangu una kasoro gani? Sabuni ikiuchoma, najua bado kali."

"Hauna kasoro, kaka. Ila hauandiki."

Wafanyakazi waliangua kicheko. Mkubwa hakucheka.

Walikuja wawili, bwana mmoja na mama mmoja. Wakasifu rangi, wakasifu harufu. Kisha yule mama akauliza, "Mnajuaje kwamba haitachubua ngozi?"

Kabla Profesa hajafungua mdomo, mkubwa alikata kipande, akakilamba mbele yao kama alivyofanya marehemu kila asubuhi.

"Haichomi. Onja, dada."

Yule mama alirudi nyuma hatua moja. Akafunga daftari lake taratibu, kwa adabu. Chai yangu hawakuigusa.

Walipoondoka, Profesa akasema, "Kaka, umetuaibisha."

"Nimewaonyesha kazi ya baba."

"Mama, sema wewe."

Nilijua nani ana haki. Lakini mkubwa alikuwa bado na povu pembeni mwa mdomo, kama mtoto mdogo, nikamwonea huruma. Nikasema, "Njooni, chai inapoa."

Wiki ile ile Profesa alifunga mizigo arudi ng'ambo. "Nibaki nifanye nini, Mama?" Nikamfungia chapati za njiani.

Mwaka wa tatu kikaja kifurushi kutoka kwake: mche wa sabuni wa kiwanda chake mwenyewe, na karatasi ya vipimo. Barua hakuna. Karatasi sikuielewa. Nikakata kipande, nikakiweka ulimini. Ilikuwa sabuni ya baba yake kabisa.

"Ikoje, Mama?" mkubwa aliuliza toka mlangoni.

Nikamkatia kipande. Alikishika, hakukilamba; akaichukua ile karatasi ya vipimo, akaanza kuisoma.