Mwizi wa Tillery

Kila asubuhi, kabla Denis Pruszka hajamaliza kufunga kamba za viatu vya kazi, simu ililia, na kila asubuhi baba yake alisahau kwa makusudi kusalimia.

"Tillery kafanya nini jana?"

"Kapiga mara mbili, baba. Moja imeruka uzio."

"Nilikwambia! Yule si mchezaji, yule ni radi iliyovaa kofia. Haya, nenda kazini."

Tangu mama afe, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Wengine huzungumza na baba zao kuhusu mvua na magoti. Hawa wawili walikuwa na ligi. Watu wanane wa mtaa mmoja wa Toledo, wengi wao wastaafu wa kiwanda cha vioo, kila mmoja na timu yake ya kubuni. Mwezi Machi walijazana katika chumba cha chini nyumbani kwa Vern Maddock, soseji na kabichi chachu mezani, wakachagua kwa zamu wachezaji wa besiboli wa kweli. Kisha kiangazi kizima, alichokifanya mchezaji uwanjani kilimpa pointi aliyemchagua. Waliruhusiwa kubadilishana wachezaji, kutupa wabovu na kuokota waliotupwa. Waliruhusiwa pia kutukanana, na hilo hasa ndilo lililowakusanya.

Mzee Casimir Pruszka ndiye aliyeianzisha ligi, na alikuwa na kanuni mbili za chuma. Ya kwanza: baba na mwana hawabadilishani wachezaji, watu wasije wakanong'ona. Ya pili: mtu mzima akishakubali, amekubali, biashara haivunjwi ila mwenyewe awe amerukwa na akili. Siku alipoitamka hiyo ya pili, walicheka mpaka wakagonga meza.

Tillery, mzee alimchagua wakati hakuna aliyemjua. Vern alimwuliza kama huyo ni mchezaji au jina la dawa ya kikohozi. Tangu hapo mzee alimshikilia mwaka hadi mwaka, na kila Tillery alipoupeleka mpira nje ya uzio, alimpigia Vern simu akamkoholea sikioni.

Mwezi Aprili, ujumbe wa baba uliingia kwenye simu ya Denis: *Nakupa wapigaji wawili, nipe Tillery.*

Denis alicheka peke yake ndani ya gari. Tillery alikuwa wa baba mwenyewe. Na baba na mwana hawabadilishani. Akajua anataniwa, akajibu: *Ongeza wa tatu.*

Mwezi Juni, Tillery akaonekana katika timu ya Vern. Badala yake mzee alikuwa amempokea Bascom, mrushaji aliyepasuliwa kiwiko, ambaye asingeshika mpira mwaka ule. Na habari ya kiwiko hicho, mzee ndiye aliyewatangazia wenzake, akimcheka Vern kwa kununua farasi mwenye miguu mitatu.

Hapo ule ujumbe wa Aprili ukamrudia Denis, na safari hii hakucheka.

Alimkuta Vern uani, akisugua wavu wa jiko la mkaa.

"Vern, Tillery umempataje?"

"Kwa mwenyewe! Nilimtupia baba yako ndoano kwa mzaha, nikidhani atanitukana mimi na ukoo wangu. Akakubali, bwana! Sasa nikae nimkumbushe?" Vern akacheka. "Mbweha yule. Lazima kuna kitu anapika."

"Mrudishe."

"Weee! Kanuni ya nani hiyo? Mtu mzima akishakubali…" Akamnyooshea brashi, bado anacheka. "Labda useme mzee karukwa na akili. Sema tu, namrudisha sasa hivi."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Denis. Lilikuwa la kweli, na lingetosha. Lakini aliona kitakacholifuata: sauti zikishushwa mzee aingiapo, mtu akimshika kiwiko kwenye ngazi za chumba cha chini, Vern, Vern huyu mwenye mdomo kama kisu cha bucha, akimwachia ashinde. Hakuna ambaye angemtukana tena. Na Casimir Pruszka, siku asiyotukanwa ndiyo siku atakayozikwa.

Aliona na njia nyingine. Tillery akibaki pale, mzee ataamka siku moja amkose, atampigia Vern na kumwita mwizi, na Vern atamwonyesha kuwa alikubali mwenyewe. Ugomvi huo haukustahili kutoka nje ya nyumba yao.

"Unataka nini badala yake?" akauliza.

"Quiroga na Lindstrom."

Walikuwa wachezaji wawili bora wa Denis, nguzo za timu nzima.

"Chukua."

Brashi ikasimama. "Denis, mdogo wangu, utaburuta mkia mpaka Oktoba."

"Nitauburuta."

Jumapili alimkuta baba jikoni, miwani puani, simu mkononi, chai imepoa. Mzee alikuwa akipekua timu yake kama mtu aliyepoteza funguo.

"Tillery wangu yuko wapi?" Akapekua tena, akafika kwenye timu ya mwanawe. Uso ukamwiva. "Yuko kwako!"

"Ndiyo, baba."

"Baba na mwana hawabadilishani! Umempitishia wapi? Kwa Vern! Ulimtuma Vern anilaghai, kisha ukampokea kwa mlango wa nyuma!"

Denis alishika ukingo wa meza. Mlango ulikuwa wazi. Baba mwenyewe alikuwa ameufungua. Ilibaki kuingia tu.

"Ndiyo. Nilimtuma Vern."

"Mwizi! Mwanangu wa kumzaa, mwizi!" Akaipiga meza, kijiko kikaruka sahanini. Halafu akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, na kitu kikalegea mdomoni mwake. "Mama yako alidhani wewe mpole mno kwa mchezo huu. Umenipiga, mbwa wewe. Umenipiga mchana kweupe."

"Nimejifunza kwako, baba."

"Nyoo! Mwakani nitakuchuna ngozi."

Denis akaenda kuosha vikombe, akimpa baba mgongo, mpaka macho yalipokauka.

Lakini asubuhi iliyofuata simu ililia. "Tillery kafanya nini jana?" Na kabla Denis hajajibu: "Mbona simwoni? Yuko wapi?" Basi ikambidi akiri wizi upya. Na kesho yake tena. Asubuhi nyingine mzee alicheka na kumwita mbwa. Nyingine alikata simu kwa uchungu wa kweli, uchungu mbichi, kana kwamba aliibiwa dakika ile. Ligi nzima ilimcheka Denis, aliyeachwa mbali mkiani. Alichekwa, akacheka nao.

Mwishoni mwa Septemba, majani yameanza kugeuka rangi, simu ililia kamba za viatu zikiwa mkononi.

"Denis?"

"Naam, baba."

"Hujambo, mwanangu? Huko kwenu kuna baridi?"

Alikuwa amesalimia. Denis akakaa chini. "Baridi kidogo, baba. Jana Tillery kapiga mara tatu."

Kwa adabu, kama mtu anayeulizia mgeni: "Nani?"

"Tillery, baba. Yule niliyekuibia."

"Aa, hapana," mzee akasema kwa upole. "Wewe hujaniibia kitu."

Denis akaibana simu sikioni, akasubiri aitwe mwizi.