Ufa Chumbani kwa Bi Winifred

Ufa ulianzia nyuma ya pazia la chumba cha kulala, mwembamba kama uzi, na Bi Winifred Tuck hakuhitaji fundi wa kumwambia umetoka wapi. Umetoka kwa Gareth. Kijana kahamia nyumba ya jirani juzijuzi tu, yeye na mkewe na mtoto, na tangu ahamie ni kugongagonga. Jamani, nyumba hizi za Bristol zimesimama bega kwa bega tangu enzi za akina Mfalme Joji, ukuta mmoja ukihudumia familia mbili. Anagonga nini huko?

Mtaa mzima ulishaambiwa. "Anabomoa kwa siri," alimwambia muuza magazeti. "Nyumba itaniangukia, na mimi sina pengine pa kwenda."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu. Nyumba ile ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, Ron. Na Gareth, akikutana naye njiani, alimwamkia macho chini. Mwenye hatia huyo, Winifred alijisemea.

Jumamosi moja nyundo ilipoanza tena, hakuvua hata aproni. Alitoka, akaenda kubisha.

"Nataka kuona unachokivunja."

"Karibu, Bi Tuck. Niweke chai?"

"Sikuja kunywa chai."

Akampita hadi sebuleni. Njia aliijua, nyumba ni ileile yake iliyogeuzwa, kulia imekuwa kushoto, ngazi nyembamba ileile, madirisha marefu yaleyale. Alitafuta kifusi, hakukiona. Aliona rafu mpya ya vitabu vya mtoto, na nyundo juu ya kiti.

"Nilitaka kuja kwako," Gareth alisema, akifikicha mikono. "Nimetoboa ukuta kwa ajili ya rafu hii. Naona ndiyo iliyokuharibia. Silali, Bi Tuck. Nitauziba huo ufa mwenyewe, nipake na rangi, ila unisamehe."

Haya, kakiri. Angefurahi. Lakini macho yake yalinasa kwenye meko, pale ukuta unapotokeza mbele, tumbo nene la matofali lipandalo kutoka sakafuni hadi darini kubeba dohani, njia ya moshi wa nyumba zote mbili. Kwake, mahali palepale, ukuta ni bapa. Pana piano.

Ron aliling'oa tumbo la kwao wiki ambayo Winifred alikwenda kumuuguza dada yake. Winifred aliporudi alikuta piano imekaa, zawadi yake. "Umemwita fundi?" aliuliza. "Fundi si huyu hapa?" Ron alisema, akijipiga kifuani, na mkewe akacheka mpaka machozi. Hakuuliza matofali yaliyobaki juu, ukutani mwa chumba cha kulala, sasa yamekalia nini. Miaka yote hakuuliza.

Angeweza kunyamaza tu. Gareth angeziba, angepaka rangi, na Ron angebaki yule Ron wa kusifiwa.

"Mtoto analala wapi?"

"Juu yetu hapa. Kitanda kimeegemea ukuta wako."

"Mtoe leo. Na wewe na mkeo msilale huku."

Gareth alitabasamu kwa huruma, akamsogezea kiti. "Kaa kwanza, bibi yangu."

"Sikai. Rafu yako haina kosa, kijana, wala wewe huna. Ni Ron wangu." Akakisukuma kiti kando. "Nenda kamchukue mtoto, kisha uje kwangu, nikuonyeshe alichokifanya."