Sikio la Mazengo

Mama Aneth alimjua mjukuu wake kwa sikio. Sikio la kushoto, jembamba, na kando yake kipande cha blanketi la rangi ya maziwa: hayo tu ndiyo yaliyokuwa yakipita kwenye nusu nzima ya simu yake kila Aneth alipopiga video kutoka Tabora. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi ti, na mahali nusu mbili zilipokutana nyufa zilikuwa zimetambaa mpaka pembeni.

"Umemwona, mama?" Aneth angeuliza. "Umeona hilo paji la uso? Si ni baba mtupu?"

"Nimemwona. Ni baba yako kabisa."

Hakuwa amemwona, na alijua kwamba anadanganya. Mtoto amepewa jina la babu yake, Mazengo, mume wa Mama Aneth aliyezikwa hapo hapo Mitundu, na kila aliyemtembelea kule Tabora alirudi na habari za lile paji pana lenye pembe mbili juu. Yeye, mwenye mume, ndiye pekee aliyekuwa hajaliona. Kwenda Tabora alikuwa hawezi mpaka alizeti ziingie ndani. Kuazima simu ya mtu kungekuwa kutangaza kwamba ile aliyoletewa na mkwe imevunjika, na pale kijijini habari haijawahi kungoja mtandao.

Simu yenyewe ililetwa na mkwe wake, Nathan, fundi wa kuchomelea vyuma. Huyu Nathan ni mtu mpole, na tangu amwoe Aneth yeye na mama mkwe wake walikuwa hawajawahi kutazamana usoni. Hawakuwa na ugomvi wowote. Kwa ukoo wao ndivyo heshima ilivyo: mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani, hawaongei ana kwa ana, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Salamu hubebwa na mtu wa katikati. Sukari ya zawadi hupitia kwa Aneth. Siku moja watakalishwa na wazee, mambo yatalegezwa, lakini wazee wenyewe mmoja anaumwa miguu na mwingine amehamia kwa mwanawe, basi siku hiyo ikawa inasogezwa tu.

Safari hiyo Nathan alikuja peke yake, maana Aneth alikuwa amejifungua karibuni na hakuweza kusafiri. Mtu wa katikati hakuwepo. Nathan akafanya kama alivyofundishwa: akaingia uani, akakohoa ili ajulikane yupo, akaitoa simu kwenye boksi, akampigia Aneth video ili mama akitoka tu akutane na uso wa binti yake. Akaisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akaiegemeza kwenye ungo, akaliweka boksi chini, akaondoka nyuma ya ua.

Mama Aneth naye akafanya kama alivyofundishwa. Alitoka amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi, macho chini, hana hakika kama mkwe amekwisha kupita au bado. Alimsikia Aneth akiita, "Mama! Mama!" Akanyoosha mkono upande wa sauti, bila kutazama. Vidole vikagusa ungo kabla ya simu. Chini ya kinu palikuwa na jiwe la kusagia, na simu haikulikosa.

Aneth alidhani ni mtandao umekata. Mama Aneth akamwacha adhani hivyo.

Mtu wa pekee aliyejua ni jirani yake Yasinta, mkaanga maandazi, mwenye simu ya kitochi na maarifa ya kila kitu asichokimiliki. Yasinta aliigeuza ile simu, akaisoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, akatoa hukumu.

"Hapa wameandika inarudishwa dukani ndani ya mwezi mmoja. Nenda Itigi. Ila usije ukasema imeanguka, Mama Aneth. Maduka yote ni mamoja, ukisema imeanguka umejifunga mwenyewe. Sema ilikuja hivi."

"Ikija hivi si ni kusema mkwe kaniletea kitu kibovu?"

"Mkwe yuko Tabora. Atajuaje?"

Mama Aneth alilala na maneno hayo mara kadhaa. Alikuwa mtu wa kanisani, na uongo wa kumwambia Aneth "nimemwona" ulikuwa tayari unamkera. Lakini mwezi ulikuwa unakaribia kuisha, na paji la Mazengo lilikuwa Tabora, ndani ya ile nusu nyeusi. Asubuhi moja akalifunga boksi kwenye kitambaa, akapanda basi la Itigi, na njia nzima midomo yake ikawa inajizoeza: ilikuja hivi, ilikuja hivi.

Duka lilikuwa karibu na stesheni, na nyuma yake fundi alikuwa na kijimeza chake cha kufungulia simu. Mbele alikaa kijana mrefu mwenye shati la duka, jina lake Leonard, mtu wa Kagera aliyehamia pale kikazi. Alisimama kumpokea.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, baba. Nimeleta hii."

Leonard akaiwasha, akaipangusa, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Pole. Imeanguka?"

"Ilikuja hivi."

"Ilitoka hapa dukani hivi?"

Akasita. Kusema duka limeuza kitu kilichopasuka, mbele ya kijana aliyemwamkia vizuri vile, kulimshinda. "Ilinifikia hivi," akasema, na kwa kujaribu kupunguza uongo akawa ameutua moja kwa moja kwenye mabega ya Nathan.

"Nani alikukabidhi?"

"Hakuna aliyenikabidhi. Iliwekwa kwenye kinu."

Leonard alimtazama, akaona asiulize zaidi, akaanza kueleza utaratibu wa duka polepole, kwa adabu. Simu ikirudi ndani ya mwezi, na boksi lake na risiti, ina njia mbili. Kama ilitoka kiwandani na ubovu, inapelekwa Dar es Salaam, wataichunguza huko, na itarudi watakapomaliza. Kama kioo kimevunjika kwa kuanguka, duka linabadilisha hapo hapo, bure, mara moja tu.

"Hata ikianguka?" Mama Aneth akauliza.

"Hata ikianguka, mama. Ndiyo sababu watu wananunua kwetu. Ila aliyenunua lazima athibitishe, na maneno yenu yafanane. Yakigongana mimi siwezi kupokea simu, mwenye duka ataniuliza. Sasa wewe unasema haijaanguka, itabidi iende Dar. Ngoja nimpigie aliyenunua, jina na namba yake viko kwenye risiti."

Mama Aneth alimlaani Yasinta kimoyomoyo, yeye na maandazi yake. Akafungua mdomo aseme ukweli, lakini kumgeuzia kijana maneno dakika ileile aliyoyasema si kazi nyepesi kwa mtu mzima, na kabla hajapata pa kuanzia Leonard alikuwa amepiga, ameweka spika, na simu yake imelala juu ya meza ikiita.

"Haloo." Ilikuwa sauti ya Nathan. Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

Mama Aneth akavuta kanga mpaka usoni, akaipa meza mgongo.

"Mama, hakuoni," Leonard akanong'ona. Akaendelea na simu. "Ndugu Nathan, hapa ni dukani Itigi. Ile simu uliyonunua imerudi, kioo kimepasuka. Aliyeileta anasema ilimfikia hivyo."

Mtoto akazidi kulia.

"Ameileta nani?"

"Mama mmoja mtu mzima, kutoka Mitundu."

"Ni kweli," Nathan akasema. "Niliiangusha mimi. Kwenye bodaboda, kabla sijafika kwake. Mama mkwe wangu asisumbuliwe."

"Ulimpa mama mkwe simu iliyopasuka?"

"Ndiyo."

"Ukijua imepasuka?"

"Nikijua. Andika hivyo, bwana, umbadilishie."

Leonard akashusha pumzi ya mtu aliyerahisishiwa kazi. Akamgeukia Mama Aneth. "Basi yameisha. Kumbe iliangushwa kabla haijakufikia, maneno yenu yanafanana. Inabadilishwa leo leo."

Na kweli yalikuwa yameisha. Alichokifuata Itigi alikuwa amekipata; kilichotakiwa kwake ni kunyamaza tu, na kunyamaza mbele ya mkwe ndiyo desturi yenyewe. Lakini alisimama pale na kanga yake usoni akaona aibu, aibu kubwa kuliko ile ya kinu. Yule mtoto wa watu amejitangaza mbele ya mgeni kuwa ni mtu wa kumpelekea mama mkwe takataka, na amefanya hivyo bila hata kuuliza sababu. Mimi nimemtupia, yeye ameokota, akawaza. Na akiongea sasa, maneno yatagongana, na simu itarudi Mitundu na nusu yake nyeusi.

"Mwambie si kweli," akamwambia Leonard.

"Nini si kweli?"

"Hakuiangusha yeye. Mwambie."

"Mama, mwambie mwenyewe. Anakusikia."

Desturi ilizungumzia macho, ilizungumzia mikono, ilizungumzia kuongea ana kwa ana. Juu ya sauti inayotoka mezani kwa muuza simu, mwenye sauti akiwa Tabora, wazee hawakuacha neno. Mama Aneth alilipima hilo kwa haraka, akaona pana upenyo, na hata kama usingekuwepo angepita.

"Nathan," akasema, akiangalia ukuta. Hakuwahi kulitamka jina hilo kwa mwenyewe. "Usinibebee. Simu uliiweka vizuri, umeiegemeza, na Aneth yumo ndani. Mimi nimetoka sitazami, nikapapasa, nikaisukuma kwenye jiwe. Kosa ni langu. Na huyu kijana hapa nimemdanganya, na wewe nimekupaka matope. Nisamehe."

Kule Tabora mtoto alikuwa amenyamaza.

"Shikamoo, mama," Nathan akasema.

Tangu awe mkwe wao, shikamoo yake ilikuwa ikimfikia kwa midomo ya watu, imepoa, kama chakula kilichobebwa mbali. Mama Aneth alibana kanga kifuani.

"Marahaba, baba."

"Nilisikia ikianguka. Nilikuwa sijavuka ua. Nikataka kurudi, lakini nikasema ningekukuta hujajifunika. Nikaenda zangu. Nimekaa na hilo neno siku zote hizi, Aneth akisema mama anamwona mtoto, mimi nanyamaza."

"Kwa hiyo ulijua simwoni?"

"Nilijua."

Mama Aneth akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kidogo cha kujihurumia na kumhurumia. Watu wawili wenye heshima zao walikuwa wameilinda simu iliyovunjika kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja upande wake, na mwenye hasara ni Mazengo, asiyejua hata maana ya simu.

Leonard alikuwa ameacha kalamu. Alitazama simu, akatazama mgongo wa mama.

"Kwenye hii meza kila siku naambiwa ilikuja hivi," akasema. "Watu wanaogombea kosa sijawapata bado. Mama, kuanguka ni kuanguka, iwe kinu iwe bodaboda. Nani kaiangusha, nitaandika wewe. Ndugu Nathan, unathibitisha?"

"Kama mama amesema, nathibitisha."

Fundi akaichukua simu kule nyuma. Mama Aneth akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaletewa maji, akatazama watu wakienda stesheni na mizigo yao. Kanga ilikuwa imemtelemkia mabegani, naye akaiacha. Alijisikia mwepesi na mwenye njaa, akakumbuka hajala tangu asubuhi, akanunua muhindi wa kuchoma kwa mwanamke aliyepita mlangoni.

Simu iliporudi, kioo kilikuwa kizima kuanzia pembe hadi pembe. Leonard akamwuliza ampigie nani.

"Piga hiyo hiyo ya Nathan. Aneth atakuwa sokoni saa hizi."

Video ikafunguka, na Mazengo akajaa kioo kizima. Paji lilikuwepo. Pana, limenyanyuka, na zile pembe mbili juu mahali nywele zilipokataa kuota, sawasawa na mzee alivyokuwa akikaa mlangoni jioni akiwa amevua kofia. Mama Aneth akaisogeza simu karibu. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, akayafuta kwa kanga, akatazama tena. Mtoto alipiga chafya. Hata katika kupiga chafya alikunja paji lile lile.

"Wameniambia kweli," akasema mwishowe. "Ni yeye."

Mtoto alikuwa ameshikiliwa juu, sawa kabisa na kimo cha uso wa mtu. Aliyemshika, simu yake ikiwa imeegemezwa mahali, alionekana mapaja na mikono miwili tu, mipana, yenye alama za cheche za kuchomelea, na mikono hiyo ilikuwa inatetemeka kidogo kwa kuchoka. Mazengo si mwepesi, na kumbeba hewani namna ile ili mtu ajifiche nyuma yake ni kazi. Mama Aneth aliitazama mikono ile kwa muda.

"Msogeze kidogo pembeni," akasema.

"Haonekani vizuri, mama?"

"Yeye nimeshamwona. Nataka nikuone wewe."

Mikono ikatulia. Halafu, taratibu, Mazengo akashushwa.